Kwa Nini Donge la Chapati Hukaidi, na Maswali Mengine Kuhusu Vitu Laini

Mwezi huu nimeweka pamoja barua tano ambazo waandishi wake hawafahamiani, na nadhani hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba anauliza jambo moja na wenzake. Zote zinahusu vitu ambavyo si vigumu kama chuma wala havitiririki kama maji: unga uliokandwa, mpira, lami, mlenda. Nimezijibu kwa mpangilio unaosaidia kuelewa, kwa hiyo anayeanza na ya mwisho atalazimika kurudi juu.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapika chapati za kuuza asubuhi hapa Morogoro. Nikisukuma donge mara tu baada ya kulikanda, linarudi nyuma na chapati inabaki ndogo na nene. Nikilifunika kwa kitambaa nusu saa, linatii. Mama yangu alinifundisha "kulilaza" donge bila kunieleza sababu. Ndani yake kunatokea nini, ilhali sijaongeza wala kupunguza kitu?
*Mpika chapati, Morogoro*

JIBU: Dada yangu, neno alilotumia mama yako ni zuri, ila donge halilali hata kidogo. Wakati limefunikwa na mikono yako iko kwenye kazi nyingine, kila kilichomo ndani yake kinatikisika, na mtikisiko huo ndio unaolifanya litii.

Tuanze na mtikisiko wenyewe. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, Robert Brown, alitazama kwa hadubini chembe ndogo zilizotoka ndani ya chavua ya ua zikiwa kwenye tone la maji, akaona kwamba hazitulii. Zinapapatika, zinageuka, zinasogea huku na kule bila mwelekeo. Kwanza alidhani ameona dalili ya uhai. Kisha akafanya jambo ambalo ninamheshimu kwalo hadi leo: alisaga vitu visivyo na uhai, vioo na mawe, hata kipande cha sanamu ya Sphinx ya Misri, akatia vumbi lake kwenye maji, na vumbi likacheza vilevile. Ilipita karibu miaka 80 kabla ya Albert Einstein kueleza, mwaka 1905, kwamba chembe hizo hupigwa kumbo na molekuli za maji kutoka kila upande, na kwamba makumbo hayo hayasawaziki kila mara. Mfaransa Jean Perrin alithibitisha maelezo hayo kwa vipimo miaka michache baadaye, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Katika hali ya joto ya kawaida ya chumba, molekuli ya maji hukimbia kwa kasi ya takriban mita 600 kwa sekunde, ingawa haifiki mbali kwa kuwa hugongana na jirani yake papo hapo. Kile tunachokiita joto la kitu ni mwendo huo.

Sasa turudi kwenye donge. Unga wa ngano una protini ziitwazo glutenini na gliadini, ambazo zikipata maji na kukandwa huungana na kuwa kitu kimoja kinachonyumbuka, yaani gluteni. Molekuli za glutenini zimo miongoni mwa protini kubwa kuliko zote zinazojulikana, na unaweza kuzifikiria kama nyuzi za katani zilizosokotana ovyo ndani ya gunia. Unapokanda, unazivuta, unazinyoosha na kuzifunga pamoja mahali pengi. Vifungo vingine ni imara. Vingine ni dhaifu, na kwa sababu ya mtikisiko wa joto hushika na kuachia, hushika tena na kuachia tena, muda wote, hata sasa unaposoma.

Uzi wa namna hiyo ukivutwa hutaka kujikunja tena, na sababu yake nimeieleza katika jibu linalofuata. Kwa kuwa umefungwa kwa jirani zake, ukijikunja unawavuta na wao, na ndiyo maana kingo za chapati yako hurudi ndani. Lakini ukiupa muda, vifungo dhaifu huachia kimoja baada ya kingine, uzi huteleza kidogo, huchomoka kwenye fundo lililoubana, na vifungo vipya hujifunga pale uzi ulipo sasa badala ya pale ulipokuwa. Donge linabaki na umbo lake huku mvuto wa ndani ukiisha. Wakati huohuo maji nayo yanaendelea kupenya kwenye punje za unga ambazo hayakuzifikia ulipokuwa unakanda.

Nilijaribu jikoni kwangu kabla ya kukuandikia. Niligawanya donge moja mara mbili, nusu nikaisukuma papo hapo na nusu nikaifunika. Ile ya kwanza niliisukuma hadi ikatosha sahani, nikainua kifimbo, na kingo zake zikaanza kurudi polepole mbele ya macho yangu zikinenepa kama mdomo wa bakuli. Ile ya pili, baada ya nusu saa, ilibaki pale kifimbo kilipoiacha. Kuna njia rahisi ya kujua kama donge limeiva kwa kusukumwa: libonyeze kwa kidole. Shimo likijifukia haraka, nyuzi bado zina mvuto. Likifukika kivivu na kuacha alama, endelea na kazi.

Kwa hiyo kila kitu laini kina saa yake ya ndani, yaani muda ambao vipande vyake vinahitaji ili kujipanga upya vyenyewe. Mkono wako nao una saa yake. Ukilisukuma donge haraka kuliko saa yake ya ndani, litakujibu kama mpira. Ukilipa nafasi, litakujibu kama uji mzito. Mwanasayansi Markus Reiner, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa taaluma ya mtiririko wa vitu, aliandika mwaka 1964 kwamba uwiano wa saa hizo mbili uitwe namba ya Debora, akimkumbuka nabii wa kike katika kitabu cha Waamuzi ambaye wimbo wake, kwa jinsi Reiner alivyousoma, unasema milima ilitiririka mbele za Bwana. Kwa Mungu, ambaye ana muda wote, hata mlima ni kimiminika. Ninaipenda taswira hiyo kwa sababu inasema kweli kuhusu donge lako: ugumu wake hauwezi kutajwa bila kutaja pia muda ulioupima.

Mambo mawili ya kazini. Donge lililotoka kwenye friji lina mtikisiko mdogo, kwa hiyo saa yake inakwenda pole na litahitaji kupumzika zaidi. Na wanaokandia maji ya moto hupata donge lisilokaidi sana kwa sababu joto hilo huudhoofisha utando wa gluteni na kuanza kuvimbisha wanga, jambo ambalo hulipa donge ulaini.

SWALI: Mwalimu wetu wa fizikia alining'iniza kopo la mchanga kwa rababendi, kisha akaimwagia rababendi hiyo maji ya moto. Darasa zima tulitabiri kwamba kopo litashuka, kwa sababu tumefundishwa kuwa vitu hutanuka vikipata joto. Kopo likapanda. Mwalimu alisema tukatafute sababu. Naomba msaada.
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Iringa*

JIBU: Mwanangu, mwalimu wako amekufundisha vizuri, na kabla hujasoma zaidi naomba uchukue rababendi pana, uiguse kwenye mdomo wako wa juu, uivute kwa ghafla na kuirudisha palepale mdomoni. Utasikia uvuguvugu. Subiri kidogo ikiwa bado imevutwa, kisha iachie ijikunje na uiguse tena: utasikia ubaridi. Aliyeandika kuhusu jaribio hili mwaka 1805 ni Mwingereza John Gough, mtu aliyepofuka tangu utotoni kwa ugonjwa wa ndui, ambaye alizoea kuujua ulimwengu kwa ngozi yake. Aligundua pia kwamba mpira uliobeba uzito husinyaa ukipashwa joto, jambo lilelile uliloliona darasani. Zaidi ya miaka 50 baadaye James Joule alirudia majaribio hayo kwa vipimo makini na kukuta kwamba Gough alisema kweli.

Kwanza tazama chuma. Ukivuta waya wa chuma unazitenga atomu zake, na nguvu zinazozishika pamoja zinapinga. Mpira hauko hivyo. Molekuli ya mpira ni mnyororo wenye maelfu ya viungo, na viungo hivyo huzunguka kwa urahisi, kwa hiyo mnyororo mzima haukai ukiwa umenyooka; mtikisiko wa joto huukunja na kuukunjua, na huuviringisha mara nyingi mno kwa sekunde moja. Njia za kuukunja ni nyingi kupita hesabu, na ya kuunyoosha kabisa ni moja tu. Ukiuacha uchezewe na joto, karibu kila utakapoutazama utaukuta umejikunja, si kwa sababu kuna kitu kinachouvuta ndani, bali kwa sababu hali za kujikunja ndizo zilizo nyingi.

Jaribu hili na wenzako wakati wa mapumziko. Wawili washike ncha za kamba ya kuruka, wainyooshe kidogo, na wengine wanne waishike katikati na kuitikisa huku na kule bila mpango. Walioshika ncha watahisi mikono yao inavutwa kuelekea ndani, ingawa hakuna aliyekusudia kuwavuta. Wale wanne wakitikisa kwa nguvu zaidi, mvuto nao unazidi. Huo ndio mvuto wa rababendi, na maji ya moto ya mwalimu wako yaliongeza nguvu ya wanaotikisa. Kopo likapanda.

Kwa kuwa nguvu hii inatokana na mtikisiko tu, ni ndogo: mpira wa kawaida ni mwepesi kuvutwa takriban mara laki moja kuliko chuma. Na kwa kuwa haitokani na kutenganisha atomu, mpira unaweza kuvutwa mara kadhaa ya urefu wake na kurudi salama, jambo ambalo waya hauwezi kulifanya.

Kuna sharti moja. Minyororo isipofungwa mahali popote, itateleza na kupitana kama nyuzi za donge la chapati, na kitu kizima kitaishia kutiririka. Ndivyo ulivyokuwa mpira mbichi, ambao wakati wa joto ulinata na wakati wa baridi ulikakamaa, hadi Mmarekani Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa na salfa hutulia. Salfa hufunga mnyororo mmoja kwa mwingine mahali pachache. Kati ya kifungo na kifungo mnyororo unaendelea kucheza, na ustadi wote uko katika uchache huo: ukizidisha salfa na kuupika sana, vifungo vinakuwa vingi, mchezo unakwisha, na unapata kitu kigumu kama pembe.

Mchezo huo unaweza kukomeshwa kwa baridi pia. Mpira wa asili ukishuka hadi karibu nyuzi 70 za Selsiasi chini ya sifuri, viungo vyake hukwama, na ukiupiga nyundo unavunjika kama kioo. Hata hivyo hatari huanza kabla ya hapo, kwa sababu saa ya ndani huanza kuchelewa mapema. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilirushwa Florida asubuhi yenye baridi ya takriban nyuzi 2. Pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi zake za pembeni zilitakiwa kutanuka na kujaza nafasi mara tu maungio yalipofunguka kidogo kwa shinikizo la moto. Zilichelewa. Gesi ya moto ikapenya, na sekunde 73 baada ya kuruka chombo kilisambaratika, na watu wote saba waliokuwemo wakafa. Katika kikao cha tume ya uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alibana kipande cha mpira huo kwa kibano kidogo, akakitumbukiza kwenye bilauri ya maji ya barafu, kisha akakiachia mbele ya kamera: hakikurudi haraka. Mpira ule haukuwa umekatika wala kuganda. Ulikuwa umechelewa tu, na kwa kazi ile kuchelewa kulitosha kuua.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori. Barabara ile ile, lami ile ile, lakini kwenye foleni ya mizani na kwenye miinuko mikali utakuta mabonde mawili marefu ya matairi, ilhali kwenye tambarare tunakokimbia hakuna kitu. Tunaambiwa ni kwa sababu tunazidisha mizigo. Mbona mizigo ni ile ile kote?
*Dereva, Dodoma*

JIBU: Ndugu dereva, mzigo uliozidi huharibu barabara, na huharibu sana, lakini umeona vizuri kwamba hilo pekee halielezi tofauti ya mahali na mahali.

Lami nayo ina saa ya ndani. Molekuli zake hazikufungwa kama za mpira. Zimesongamana tu, na kila moja husogea pale jirani zake wanapopisha. Ukienda kilomita 80 kwa saa, tairi lako hukanyaga nukta moja ya barabara kwa sehemu moja au mbili za mia za sekunde, muda ambao molekuli hazikuwahi kupishana, kwa hiyo lami inabonyea kidogo na kurudi. Ukisimama dakika tano kwenye foleni, nukta ile ile imebebeshwa mzigo ule ule kwa muda uliozidi mara elfu ishirini. Hapo molekuli zinapishana, lami inatiririka kwenda pembeni, na bonde linabaki. Ongeza jua la saa nane mchana, ambapo uso wa lami huweza kuzidi nyuzi 60, na saa ya ndani inakwenda mbio zaidi.

Kwenye Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, Profesa Thomas Parnell alimimina aina ya lami ngumu kwenye faneli mwaka 1927 ili kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba kitu kinachopasuka kikipigwa nyundo bado ni kimiminika. Hadi mwaka 2014 yalikuwa yamedondoka matone tisa. Wahandisi wanaoelewa jambo hili huweka zege mahali ambapo malori husimama, au huchanganya kwenye lami polima, yaani minyororo mirefu kama ile ya mpira, inayozizuia molekuli zake kupishana upesi.

SWALI: Kwa nini mlenda huvutika kama uzi kutoka kwenye kijiko, na kwa nini ukikamua ndimu utelezi unapungua?
*Mama wa watoto wanne, Singida*

JIBU: Mama, utelezi wa mlenda, kama ule wa bamia, ni minyororo mirefu ya sukari iliyoungana, ikielea ndani ya maji mengi. Ukiinua kijiko, mchirizi unaning'inia na kunyooka, na minyororo iliyomo inanyooka nao. Kila mmoja unataka kujikunja kama nilivyomweleza mwanafunzi wa Iringa, na mvuto huo unauzuia mchirizi usikatike kuwa matone kama yanavyofanya maji. Utazame unapokatika: kipande cha chini huruka kurudi kwenye bakuli. Asali pia huchirizika, lakini hairuki hivyo, kwa maana mnato wake ni wa msuguano tu.

Baadhi ya viungo vya minyororo hiyo vina chaji hasi za umeme, ambazo husukumana na kuufanya mnyororo utanuke na kuchukua nafasi kubwa. Asidi ya ndimu huzizima chaji hizo, mnyororo unajikusanya kuwa kidonge kidogo, hauwafikii tena wenzake, na utelezi unapungua.

SWALI: Mtoto wangu alichanganya konflawa na maji. Ukiuchota taratibu unamiminika, ukiupiga ngumi unakuwa mgumu kama ubao. Je, nao ni mtikisiko wa joto?
*Baba, Kisumu*

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na ninashukuru umeuliza, kwa sababu wapo wanaodhani maelezo yaliyotangulia yanatosha kwa kila kitu laini. Punje za konflawa ni kubwa mno kwa mtikisiko ule. Molekuli za maji huzigonga bila kuzisogeza kwa kiasi cha maana. Punje hizo hupitana kwa sababu kuna utando mwembamba wa maji kati yake. Ukisukuma taratibu, maji hubaki mahali pake na punje huteleza. Ukipiga ngumi, utando unabanwa, punje zinagusana zenyewe kwa zenyewe, zinasuguana, na kwa kufumba na kufumbua zinakwama kama watu waliokimbilia mlango mmoja. Ukiondoa mkono, maji hurudi na zinaachana.

Mwambie mtoto achukue vikombe viwili vya konflawa kwa kikombe kimoja cha maji, na asitumie unga wa ugali, kwa kuwa wanga wake haukutenganishwa na vitu vingine. Mkimaliza, msiumwage kwenye karo: wanga hutuama kwenye kona ya bomba na kuliziba.